Mlima Ndio Unaochagua Chambo

Mvuvi wa ndoana anayeishi Morogoro mjini amejaliwa kitu ambacho wavuvi wengi hawana: akitoka nje alfajiri na kutazama kusini, anakiona chanzo cha maji atakayoyavulia. Uluguru imesimama palepale juu ya mapaa, ikipanda kutoka mita 500 hivi kwenye mitaa ya mji hadi zaidi ya mita 2,600 kule Kimhandu na kwenye uwanda wa Lukwangule. Mvua inayopiga huko juu usiku ndiyo itakayobadilisha rangi ya bwawa kesho yake, hata kama mjini halijadondoka tone. Ndiyo maana sura hii haianzii dukani, kwenye ndoana na mishipi. Inaanzia mlimani. Chambo, saa ya kuvua, kina, unene wa mshipi, hata samaki wa kumfuata siku hiyo, vyote hivyo naviamua baada ya kuona rangi ya maji.

Milima hii haipati mvua kwa usawa. Upande wa mashariki, wa Kinole na Matombo, unapokea upepo wa Bahari ya Hindi moja kwa moja, na sehemu zake hupata zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka. Upande wa magharibi ni mkavu zaidi, na Bwawa la Mindu linategemea upande huo. Bwawa hili lilianza kazi katika miaka ya 1980 ili kuwapatia maji watu wa mji. Liko kwenye mto Ngerengere, kando ya barabara ya Iringa, kilomita chache tu kutoka mjini, na linapokea pia maji ya Mzinga, Mlali, Lukulunge na Mgera. Vijito hivyo ni vifupi na vimetoka kwenye mteremko mkali. Kiangazi hupungua mno. Mvua ikinyesha kwa nguvu hufurika haraka na kuja na udongo.

Udongo huo una historia yake. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru, ikawalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Ilikuwa kazi ngumu ya shuruti, na mahali pengi udongo usio na rutuba ulipinduliwa ukawekwa juu, mazao yakadhoofika. Mwaka 1955 watu walikataa, vurugu zikazuka, na mpango ukafa. Mmomonyoko haukufa. Nayasema haya kwa sababu nasikia mara nyingi wavuvi wakiyatukana maji ya tope kana kwamba ni mkosi wa siku. Udongo ule ulikuwa shamba la mtu. Ukisimama ukingoni mwa Mindu mwezi wa Aprili na kuyaona maji yamegeuka chai ya maziwa, unaona mahindi na maharage ambayo familia fulani haitayavuna.

Kipimo changu cha maji ni kifuniko cheupe cha ndoo, kilichofungwa jiwe chini yake na kamba yenye vifundo. Kishushe polepole upande wa kivulini mpaka kipotee machoni, kisha hesabu vifundo. Kikipotea kabla ya shubiri moja, samaki hawindi kwa macho siku hiyo. Anatumia harufu, ladha na mtikisiko. Kikifika kati ya shubiri na dhiraa, macho yanasaidia kwa karibu tu, hasa pale kitu cheusi kinapopita juu na kukata mwanga. Kikipita dhiraa, samaki anakuona wewe pia, na hapo ndipo mshipi mnene, shati jeupe na kivuli chako vinapokugharimu. Wanasayansi wa maziwa hutumia kifaa cha namna hiyohiyo, sahani ya Secchi, iliyoanza kutumika mwaka 1865. Cha kwako kisiwe cha dukani. Cha jikoni kinatosha.

Hapa inafaa kumzungumzia samaki ambaye Mindu haina. Wamarekani wamemsoma besi mwenye mdomo mkubwa, Micropterus salmoides, kuliko wavuvi wa ndoana walivyomsoma samaki yeyote wa maji baridi, na maarifa yao mengi yanatufaa. Jirani zetu wa Kenya wanaye: aliletwa Ziwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya mchezo wa uvuvi, na kamba wekundu wa Louisiana walipopandikizwa humo mnamo 1970 wakawa chakula chake kikubwa. Besi ni mviziaji. Hazunguki ziwani akitafuta. Hukaa kando ya gogo, chini ya jani la yungiyungi, kwenye ukingo wa magugu, akingoja kitu kidogo kipite. Kwa hiyo mvuvi wa besi hatupi chambo katikati ya maji matupu. Hutupa mahali ambapo vitu viwili vinakutana: magugu na maji wazi, kina kifupi na kina kirefu, kivuli na jua, maji ya tope na maji safi.

Somo hilo la mipaka ndilo ninalolichukua kwao kwa mikono miwili, kwa sababu perege na kambale nao hulifuata. Mindu ilipojaa, mkondo wa zamani wa Ngerengere ulifunikwa ukawa mfereji chini ya bwawa, na kingo za mfereji kama huo ni njia ya samaki. Huuoni kwa macho. Utaupata kwa chubwi: tupa, acha izame, hesabu kwa sauti kuanzia moja hadi itue. Sogea hatua chache, rudia. Hesabu ikiruka ghafla kutoka nne hadi tisa, umeupata ukingo. Weka alama kwa kutazama mti ulio ng'ambo, uandike kwenye daftari. Kazi hii ya kuhesabu inachosha na haina samaki ndani yake, lakini mvuvi aliyeifanya mara moja vizuri huvuna matunda yake kwa misimu mingi.

Jambo la pili tunaloweza kujifunza kwa Wamarekani linahusu fedha. Mwaka 1949 Nick Creme wa Akron, Ohio, alitengeneza mnyoo laini wa plastiki, na tangu hapo biashara ya chambo bandia imekua mpaka mvuvi wa kawaida wa Marekani ana masanduku yaliyojaa rangi na maumbo. Lakini besi mkubwa kuliko wote katika vitabu vya rekodi kwa zaidi ya miaka 70, wa kilo 10.09, alivuliwa Georgia tarehe 2 Juni 1932 na George Perry, kijana mkulima aliyekwenda majini, kama inavyosimuliwa, kwa sababu mvua ilikuwa imeloanisha mashamba asiweze kulima. Yeye na mwenzake walikuwa na ufito mmoja wa kushirikiana. Samaki yule walimpeleka nyumbani, akaliwa. Mwaka 2009 Manabu Kurita alimfikia kwenye Ziwa Biwa nchini Japani, akiwa na vifaa ambavyo Perry asingeweza hata kuviota, na tofauti ya uzito ilikuwa ndogo mno hata rekodi ikahesabiwa sare.

Kuna wanaouliza kwa nini besi asiletwe Mindu. Jibu langu ni hapana, na nalisema kwa nguvu. Ziwa Victoria lilipandikizwa sangara katika miaka ya 1950, na spishi nyingi za furu zilizokuwa humo tu, hakuna pengine duniani, zikatoweka au zikabaki chache. Hata samaki anayeonekana mpole analeta madhara: sato wa Mto Nile, aliyesambazwa kwa ajili ya mabwawa ya kufugia, huzaliana na perege wetu wa asili na kuchafua mbegu. Perege wa mito yetu, Oreochromis urolepis, ni wa mabonde haya ya mashariki mwa Tanzania. Tukimpoteza hapa hakuna ziwa la kwenda kumchukua tena.

Basi turudi kwa waliopo.

Kambale ni samaki wa maji ya tope, na mvuvi wa Morogoro akimjua yeye peke yake ameshapata riziki ya nusu mwaka. Macho yake ni madogo, lakini ana jozi nne za sharubu, na vionjo vya ladha vimetapakaa kwenye sharubu hizo na juu ya ngozi yake. Anaonja maji kwa mwili mzima. Pia ana kiungo cha ziada cha kupumulia hewa, kwa hiyo maji yanapopungua oksijeni na perege wanapohangaika juu, yeye hupanda, akavuta pumzi, akashuka. Mvua ikishapiga mlimani na kifuniko changu kikipotea kabla ya shubiri, naacha kiboya nyumbani na kumfuata kambale.

Chambo chake kiwe na damu na mafuta: utumbo wa kuku, ini, kipande cha samaki, au nyungunyungu wengi waliochomwa pamoja mpaka wakawa fundo. Ndoana iwe kubwa, yenye mdomo mpana, na ncha ibaki wazi. Wengi huificha ncha ndani ya nyama wakidhani samaki ataiona. Usiku, ndani ya tope, hakuna anayeiona. Na kichwa cha kambale ni mfupa mtupu, ncha iliyofunikwa na utumbo huteleza juu yake bila kushika. Shabaha yako ni pembe ya mdomo, ambako kuna nyama.

Chubwi nayo iwe na tundu, iteleze juu ya mshipi, ikizuiwa na fundo lililo kama dhiraa moja kutoka kwenye ndoana. Kambale akiokota chambo na kusogea, mshipi unapita ndani ya chubwi na yeye hahisi uzito. Ukifunga chubwi moja kwa moja, anahisi kitu kigumu kinamvuta nyuma, anatema. Mshipi uliolegea kidogo, kijiti kilichochomekwa ardhini, kikopo au kengele ndogo juu yake, hayo yanatosha. Mguso wa kwanza si wa kuvuta. Ni sharubu zinauliza. Ngoja mshipi utembee, tena utembee kwa uthabiti, ndipo uukaze kwa mkono imara bila kuunyakua. Mshipi uwe wa kubeba kilo 15 au zaidi, kwa sababu akishanasa atakimbilia magugu na mizizi, na hapo mshipi mwembamba ni kumwachia majeraha na ndoana mdomoni.

Mahali pa kumngojea ni pale vijito vinapoingia bwawani, kwenye mstari ambapo maji mekundu yanakutana na maji yaliyotulia. Mvua huleta kutoka mashambani minyoo, wadudu na mabaki ya kila aina, na kambale hujipanga kwenye mstari huo. Tupa upande wa juu wa mkondo ili harufu ishuke kuelekea kwao. Mimi napendelea usiku usio na mbalamwezi, kuanzia giza linapoingia hadi saa nne. Baada ya hapo umande na baridi ya mlima vinaanza kumpunguzia mtu umakini, na umakini ukipungua ajali zinaongezeka.

Kuna usiku mmoja ambao naomba kila msomaji auache upite. Mvua za kwanza kubwa zikifurisha nyasi za kingoni, kambale hupanda kwa makundi kwenye maji ya kifundo cha mguu ili kutaga. Hawakimbii, hawajali mwanga, na mtu mwenye panga au mkuki anaweza kujaza gunia kabla ya kupambazuka. Sioni ufundi katika hilo, na kila jike anayeuawa usiku ule ana maelfu ya mayai tumboni. Msubiri wiki mbili. Atarudi kwenye kina akiwa na njaa, na utampata kwa haki.

Maji yakishasafika, mnamo Juni na kuendelea, zamu ni ya perege. Mdomo wake ni mdogo na chakula chake kikubwa ni mwani na mabaki laini ya mimea, kwa hiyo ndoana namba 10 au 12 inatosha. Kumbuka kwamba katika ndoana hizi namba ikipanda, ndoana inakuwa ndogo. Mshipi uwe mwembamba, wa kilo mbili au tatu. Ufito wa mwanzi uliokauka vizuri kivulini, wenye ncha inayopinda, unamtosha kabisa, kwa sababu unyumbufu wake ndio unaozuia mshipi mwembamba usikatike. Kiboya kiwe cha bua au unyoya, kizame karibu chote, kibakize ncha tu juu. Perege hachukui kama mwizi anayekimbia. Hunyonya na kutema, hunyonya na kutema, na kiboya kinene hakitakwambia lolote.

Chambo ni ugali wa sembe uliokandwa mpaka ukawa kama udongo wa mfinyanzi, vidonge visivyozidi punje ya dengu. Anza kwa kurusha pumba iliyoloweshwa, kiganja kimoja tu, mahali palepale ulipopima kina. Ukirusha nyingi watashiba. Ukirusha hapa na pale watatawanyika. Alfajiri sana, baada ya usiku usio na upepo, mimea na mwani vimekuwa vikila oksijeni bila jua la kuirudisha, na perege wanakuwa wazito. Wape muda. Kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, jua likishaingia majini na upepo wa mlimani ukianza kukunja uso wa bwawa, ndipo wanapoamka. Mwezi wa Julai, maji yakiwa ya baridi zaidi, saa hizo husogea mbele mpaka karibu na adhuhuri. Wavuvi wa besi husema vivyo hivyo kuhusu maji baridi: punguza chambo, punguza haraka.

Ukiona kwenye kina kifupi mashimo ya mviringo yaliyofagiliwa safi kwenye mchanga, hayo ni viota vya madume. Dume atakishambulia chochote kinachoingia kwenye kiota chake, na hilo linamfanya awe rahisi kuvuliwa. Besi naye hulinda kiota, lakini kuna tofauti kubwa. Kwa besi, dume ndiye mlezi, na akivuliwa mayai huliwa na samaki wengine. Kwa perege, jike huyachukua mayai mdomoni na kuondoka nayo, akiyatunza humo hata baada ya kuanguliwa, bila kula karibu kitu. Kwa hiyo dume mmoja wa kiotani si hasara kubwa. Jike anayenaswa kwenye wavu akiwa na vifaranga mdomoni ndiye hasara. Hushtuka, akawatema, na wanapotea. Hii ni sababu mojawapo ya mimi kupenda ndoana kuliko wavu, kwa kuwa jike anayelea hagusi chambo. Kokoro, linalofagia kila kitu hadi viota vyenyewe, limepigwa marufuku, sawa na nyavu za timba, baruti na sumu, ikiwemo sumu ya mtupa ambayo bado watu huiponda na kuimwaga kwenye vijito vya milimani. Mtupa haubagui. Unaua kifaranga na mzazi pamoja.

Anayetaka samaki anayewinda kwa nguvu, afuate maji ya Uluguru mpaka Ruvu. Huko yuko Hydrocynus tanzaniae, samaki mwenye meno marefu yanayoonekana hata mdomo ukiwa umefungwa, anayepatikana kwenye mito ya Ruvu, Rufiji na Ruaha Mkuu, na ambaye sayansi ilimtambua kama spishi ya pekee mwaka 1986 tu, katika maelezo ya Bernice Brewster. Ndugu zake wa mito ya Mnyera na Ruhudji, upande wa Kilombero humuhumu mkoani Morogoro, wanawavuta wavuvi kutoka mabara mengine, wanaolipa fedha nyingi kuvua na kuwaachia tena. Kwake masomo ya besi yanafanya kazi karibu yote: maji safi, chambo bandia kinachong'aa kama samaki mdogo, kutupa kando ya gogo na kuvuta kwa kasi. Lakini weka waya wa chuma wa shubiri mbili kabla ya ndoana, kwa sababu nailoni ataikata mara moja. Na usiingize mguu majini. Ruvu ina mamba.

Mindu nako miguu ibaki nchi kavu, kwa sababu nyingine. Vidudu vya kichocho hutoka kwenye konokono na kuingia kwa kupitia ngozi, na hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, kuelekea adhuhuri. Vaa buti za mpira, tumia wavu wenye mpini mrefu kumwopoa samaki, na ukilowa jikaushe hapohapo kwa kitambaa. Kambale mshike nyuma ya miba ya mapezi ya ubavuni, vidole viwili vikiibana. Mwiba ule ukichoma, jeraha huuma kwa siku kadhaa. Na kwa sababu anapumua hewa, ukimtupa kwenye ndoo ataishi kwa saa nyingi akiteseka. Pigo moja zito juu ya kichwa, mara tu anapotoka majini.

Kabla ya yote hayo, pita kwa afisa uvuvi uulize kuhusu leseni na kuhusu sehemu zinazoruhusiwa, kwa kuwa bwawa hili ni la maji ya kunywa na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 za ukingo dhidi ya shughuli zinazoweza kuuharibu. Ukingo huo ulioachwa bila bustani za mboga ndio unaochuja udongo kabla haujaingia. Pale mita hizo zilipoachiwa nyasi na matete, maji ya kingoni husafika mapema baada ya mvua, na perege hurudi hapo kwanza. Anza hapo.